Nitapandishaje kayaki juu ya gari nikiwa peke yangu?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 51, naishi Mbezi Beach. Nilinunua kayaki ya plastiki, ile ya kukaa juu, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Ina urefu wa mita 3.4 na uzito wa kilo 27. Gari langu ni RAV4 ya zamani, yenye tairi la spea kwenye mlango wa nyuma na reli mbili juu ya paa. Fundi amenifungia vyuma viwili vya bomba la mraba vya kukatiza. Aliyekuwa ananisaidia kupandisha ni mwanangu, na sasa yuko chuo Dodoma. Napenda kwenda Kunduchi alfajiri kabla upepo haujaanza, na saa hizo sipati mtu wa kunishika mkono. Nimejaribu kuibeba kichwani kwa kata kama ndoo, ikaniyumbisha, nikakwangua mlango, na mgongo ukauma siku kadhaa. Jirani mmoja anasema sina nguvu, niache. Mwingine anasema nifunge winchi. Mtu wa kimo cha sentimita 158 anaweza kweli? Na kamba ya manila inatosha kufungia?"

Dada yangu, pole kwa mgongo, na mlango utapona kwa rangi. Kwa ufupi: unaweza, tena bila winchi. Ila si kwa njia uliyojaribu, na wala si kwa ile unayoiona kwenye video nyingi, nitakueleza kwa nini. Hofu yako naisoma hivi: unaogopa kuumia, unaogopa kuharibu gari, na hilo la tatu hukulisema wazi, unaogopa chombo kisije kikang'oka Barabara ya Bagamoyo kikaangukia watu. Zote ni hofu halali.

Tuanze na jirani wa kwanza. Amekosea. Kijana mwenye mabega mapana akiinua kilo 27 kwa mpigo hadi juu ya kichwa, huku chombo chenyewe ni kirefu kuliko yeye mara mbili, naye ataumia. Atachelewa tu kujua. Kichwani ndoo hutulia kwa sababu uzito wake wote uko juu ya shingo na haina ncha ndefu. Kayaki ina karibu mita 1.7 mbele yako na mita 1.7 nyuma yako. Upepo kidogo ukigusa pua, ncha ya pili inazunguka, na wewe uliye katikati ndiye unayesokotwa. Kilichokuumiza mgongo huenda si uzito, ni ule msokoto wa kuizuia isigonge mlango.

Mgongo una hesabu yake. Misuli inayokunyanyua ukiwa umeinama imejishikiza sentimita 5 hivi tu nyuma ya mahali pingili zinapokunjikia. Ukishika kilo 13 mbele yako kwa umbali wa sentimita 50, umbali huo ni mara kumi ya ule wa misuli, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 130 hivi, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako kilichoinama. Leta mzigo ule ule ukugusane na tumbo, nguvu hiyo inashuka zaidi ya nusu. Ndiyo maana nakusisitiza kayaki iguse mwili wako wakati wote. Ikikuchafua kanga, iache ikuchafue.

Sasa kayaki yenyewe. Ukiinua ncha moja huku nyingine imekaa chini, ardhi inabeba nusu na wewe unabeba nusu: kilo 13 na nusu, pungufu ya ndoo ya lita 20 iliyojaa. Kazi yote ya kupakia peke yako ni kuhakikisha hakuna hata dakika moja ambapo kilo 27 ziko mikononi mwako peke yako. Daima kuna kitu kingine kinashika nusu ya pili: ardhi, stuli, au chuma cha keria, yaani vile vya kukatiza alivyofunga fundi.

Video nyingi zinaonyesha mtu akiegemeza pua nyuma ya gari kisha anasukuma. Kwa gari lenye paa fupi na chuma cha keria kilicho karibu na ukingo wa nyuma, ni njia nzuri. Kwa RAV4 yako siipendekezi. Chuma chako cha nyuma kimekaa ndani ya paa, si kwenye ukingo, hivyo kayaki ikipanda kwa mteremko itaegemea ukingo wa paa au ile plastiki iliyo juu ya kioo cha nyuma kabla haijagusa keria. Tairi la spea nalo linakusogeza mbali na gari, unajikuta umenyoosha mikono mbele, na hesabu ya mgongo tumeshaifanya.

Wewe pakia kwa ubavuni. Kwa kuwa vyuma vyako ni bomba la mraba, tafuta bomba jembamba la chuma linaloingia ndani ya kile cha mbele bila kuchezacheza. Duka lolote la vifaa vya ujenzi watakukatia. Litokeze nje ya gari sentimita 60 au 70, na sehemu inayobaki ndani iwe angalau na urefu huo huo, vinginevyo litachomoka au litapinda. Ile sehemu ya nje ivishe kipande cha bomba la plastiki la maji kinachoweza kuzunguka. Kwa gharama ndogo umepata mkono wa kushika pua, wenye roda yake.

Egesha gari pakavu na tambarare, vuta handibreki, weka jiwe nyuma ya tairi. Laza kayaki sambamba na gari, kama hatua moja kutoka mlangoni, mkia ukiwa juu ya mkeka au zulia kuukuu ili usikwanguke. Shika pua sentimita 30 hivi kutoka nchani. Chuchumaa, mgongo umenyooka, inua kwa miguu hadi mapajani. Hapo weka pua juu ya stuli ngumu au pipa dogo, upumue. Hakuna anayekufukuza. Kisha ingia chini yake, bega liipokee, nyoosha magoti, halafu mikono imalizie zile sentimita chache hadi juu ya bomba. Mikononi utakuwa na kilo 14 au 15, kwa sekunde chache, na bomba litakuwa juu ya kichwa chako kwa kiasi cha shibiri hivi. Ukiona mikono inatetemeka, rudisha kwenye stuli. Kurudisha si kushindwa.

Pua ikishakaa juu ya bomba, sehemu ngumu imekwisha, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Nenda kwenye mkia, uinue hadi kiunoni, utembee nao mbele taratibu ukisukuma. Kadiri kayaki inavyopita juu ya bomba, mkia unazidi kuwa mwepesi, kwa sababu kitovu cha uzito kinalikaribia bomba. Pua ikiwa imelipita kwa mita moja, mkononi umebakiwa na kilo 8 hivi. Usiende mbele zaidi ya hapo sana, maana kitovu kikivuka bomba pua itainama yenyewe na mkia utakuruka. Na hizo kilo 8, zipandishe juu ya chuma cha nyuma. Mwisho rudi mbele, sukuma pua iteleze kutoka kwenye bomba hadi juu ya keria, na uchomoe bomba. Nasema uchomoe, usiseme utachomoa Kunduchi. Barabara zetu zina bodaboda wanaopita upenyo wa sentimita chache, na bomba hilo liko usawa wa vichwa vyao.

Kama kuna upepo, geuza gari ili upepo upite kwa urefu wake, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukija ubavuni, kayaki iliyosimama mshazari inageuka tanga.

Ulichoniuliza ni kupakia alfajiri nyumbani. Mimi ningekuonya zaidi kuhusu kurudi. Asubuhi umelala vizuri, chombo kikavu, uwanja tambarare. Saa nne au saa tano umechoka, mikono ina chumvi na inateleza, upepo umeamka, na mchanga chini hauna msimamo. Halafu kuna maji yaliyoingia tumboni. Lita moja ni kilo moja. Kayaki ya kukaa juu iliyovuja kidogo kwenye vizibo inaweza kukuongezea kilo kadhaa, na mbaya zaidi maji hayo hukimbilia ncha iliyo chini, kwa hiyo nusu kwa nusu yetu inavurugika. Kabla ya yote fungua kizibo cha kutolea maji, inua upande wa pili, subiri hadi tone la mwisho. Toa pia nanga, chupa, koti la kuokolea, kila kitu.

Angalia na maji ya bahari kabla hujaondoka nyumbani. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita 3, na kwenye fukwe zetu zenye mteremko mdogo maana yake bahari inakimbia mbali sana. Ukitia chombo majini yakiwa yamejaa ukarudi yamekupwa, utakuta gari liko kule na wewe uko huku, kati yenu mchanga mtupu na majani ya bahari. Panga kurudi maji yakiwa juu, au chagua siku za maji mafu. Ukishindwa vyote, nunua kigari cha magurudumu mawili cha kuvutia kayaki. Usiburute kwenye mchanga, unakula plastiki ya chini. Ufukweni pia tafuta mahali pa kuegesha ambapo upande unaopakilia ni mwinuko. Kila sentimita unayosimama juu kuliko gari ni sentimita moja mikono haitapanda.

Na kwa kuwa Kunduchi asubuhi hiyo vijana na wavuvi wapo, wakati wa kurudi omba msaada bila haya. Sharti moja: uelekeze kabla. Msaidizi asiyejua huinua kwa nguvu upande wake wakati wako bado uko chini, uzito wote unakujia. Mwambie ashike wapi, kayaki ikae upande gani, na kwamba mnainua ukishasema "tatu".

Tuje kwenye kufunga. Kamba ya manila si dhambi. Madereva wa malori wanapeleka nayo shehena mikoani. Lakini wao wanajua fundo la kujikaza lenyewe, na husimama njiani kukagua. Nyingi ya kamba zinazouzwa kwa jina hilo ni za nailoni au plastiki, na nailoni ikilowa hunyumbuka. Ulichokaza pale ufukweni kinakuwa kimelegea hata kabla hujafika nyumbani. Kwako nashauri mikanda miwili bapa yenye kibanio cha chuma chenye meno, ile unayovuta kwa mkono. Manila ibaki kwa kazi nyingine nitakayoitaja. Mpira wa tyubu usiutumie kabisa kama kifungio kikuu, maana kuvutika ndiyo sifa yake.

Watu hudhani kadiri unavyokaza ndivyo salama. Kwa kayaki ya plastiki si hivyo. Plastiki hiyo hulainika kwenye joto, na gari likisimama juani hapa mjini saa saba mchana linageuka jiko. Mkanda wa racheti, ule wenye mpini wa kukazia malori, una nguvu ya kuibonyeza hadi ibaki na shimo, na tumbo likishabonyea chombo hakiendi tena moja kwa moja. Kaza kwa mkono hadi ukitikisa kayaki gari lote litikisike nayo. Inatosha. Ukiegesha kwa muda mrefu, legeza kidogo, ila ukumbuke kukaza kabla ya kuondoka. Ilaze kifudifudi, mdomo chini, kwa sababu kingo zake za juu ni ngumu kuliko tumbo, na chini yake weka vipande vya sponji ngumu au zulia. Mkanda upite juu ya kayaki, uzunguke chuma cha keria chenyewe, upande wa ndani ya reli ili usiteleze nje. Usokote mara moja au mbili sehemu iliyo hewani. Mkanda uliolala bapa hunguruma kama nzi mkubwa mwendo mzima.

Kisha pua na mkia. Hapa manila inafaa: kamba moja kutoka puani hadi kwenye tundu la kuvutia gari chini ya bampa ya mbele, nyingine nyuma. Hazibebi chombo, zinakizuia kisiinuke wala kuzunguka endapo mkanda mmoja utafyatuka. Upepo unaosukuma kayaki huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, nguvu yake inapanda zaidi ya mara mbili na nusu, si zile asilimia 60 unazoona kwenye mshale. Baki kwenye 50, mwache wa nyuma apige honi. Simama baada ya kilomita moja au mbili za kwanza, shuka, tikisa, kaza tena. Baada ya matuta makali fanya hivyo hivyo.

Kuhusu winchi na mashine za kunyanyulia zinazouzwa nje: zipo, zinafanya kazi, bei yake huenda ikakaribia ile uliyonunulia kayaki, na zenyewe ni nzito na zinakaa juu ya paa. Kwa kilo 27 sioni haja. Kama una kibanda cha gari chenye boriti imara, kuna jambo zuri zaidi: kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Ukifunga kapi mbili mbili juu na chini, kamba ikapita mara nne, kayaki yako inavutwa kwa kilo 7 hivi, bila kuhesabu msuguano. Unaining'iniza darini, unaingiza gari chini yake, unaishusha. Lakini boriti iwe ya kweli, si jipsamu, na mtu asipite chini ikiwa inaning'inia. Tena hilo linakusaidia nyumbani tu, ufukweni utarudi kwenye bomba letu.

Nikuambie ukweli mwingine: kwa mtu mwenye historia ya mgongo anayetoka kila wiki, kuacha kayaki karibu na bahari kwa mlinzi anayeaminika, kwa malipo kidogo ya mwezi, ni bora kuliko ufundi wote huu. Ya kujaza upepo nayo ni nyepesi na inaingia kwenye buti, ila kwa kusi ya mchana husukumwa kama karatasi, sitaki uende nayo kisiwa cha Mbudya. Kirikuu ya kukodi ni sawa kwa safari ya mara moja.

Kabla hujapakia tena, mpelekee fundi gari. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi ya reli za juu ni za mapambo, zimeshikwa kwa vibanio vya plastiki. Mwambie akague kama zimefungwa kwa bolti kwenye chuma cha paa, kama kuna kutu kwenye matundu, na kama vyuma vyake vya kukatiza vimebanwa au vimewekwa tu. Kitabu cha gari kina kikomo cha mzigo wa paa; kikiwa cha Kijapani, programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu itakusomea. Magari mengi ya aina hii huwa kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Kwa hiyo pima na vile vyuma vya fundi. Ukitoka baharini vioshe kwa maji yasiyo na chumvi pamoja na bolti zake.

Mwili nao uutazame. Maumivu ya misuli yanayopungua ndani ya siku chache ni ya kawaida, pumzika lakini usilale kitandani siku nzima. Yakikaa wiki kadhaa, au bega likiuma kila ukiinua mkono juu ya usawa wa sikio, muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kurudia zoezi hili. Anaweza kukuangalia jinsi unavyochuchumaa na kuinua, jambo ambalo mimi kwa maandishi siwezi. Maumivu yakishuka hadi mguuni pamoja na ganzi au mguu kukosa nguvu, nenda hospitali. Na ukipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au ukashindwa kuzuia au kutoa haja, usingoje kesho: nenda siku hiyo hiyo, Muhimbili pale MOI, taasisi ya mifupa, au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu nawe, na uwaambie dalili hizo mlangoni.